Shangazi, mwanangu kakutwa na homa ya ini B, ukweni wanataka kipimo cha kujua nani kaileta

Shangazi shikamoo, pole na majukumu. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Tandahimba, na mimba ya tatu sasa hivi ina miezi sita. Jina langu naomba lisitoke. Mambo yamenichanganya na huku ukweni sina hata wa kumwambia.

Mtoto wangu wa kwanza wa kiume ana miaka 8, alikuwa na ngiri akatakiwa afanyiwe operesheni, wakampima damu kwanza, majibu yakaja ana homa ya ini B. Sisi tulikuwa hatuijui hata ni kitu gani maana mtoto hana homa, macho hayana manjano, anacheza mpira mpaka giza linaingia. Tukaambiwa familia nzima tupime. Mimi nikakutwa nayo, baba watoto hana, mdogo mtu wa miaka 4 hana. Kliniki huwa wananipima VVU na kaswende, hii hawakuwahi kunipima. Na majibu yangu nilisomewa kwenye korido watu wako kwenye foleni, alikuwepo mama mmoja jirani yetu, kufika jioni mtaa mzima wanajua.

Basi mama mkwe kashika bango kwamba huo ni ugonjwa wa zinaa, kwa vile mwanae hana na mimi ninao basi nimeutoa nje nikampa mtoto, na hata hii mimba eti haijui kama ni ya kwao. Shangazi nimeolewa nina miaka 20 na sijawahi kuwa na mwanaume mwingine, Mungu anaona. Kuna kijana mmoja wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima kimagendo, alipanga chumba hapa uani msimu fulani kabla sijampata huyu mtoto, mama mkwe kamtaja kwa jina mbele ya watu.

Sasa shemeji yangu yuko Dar kasema kuna kipimo cha jinotaipu, wanaangalia kirusi ni cha aina gani, A au B au C sijui, eti apimwe mtoto nipimwe mimi na huyo kijana atafutwe popote alipo naye apimwe, zikifanana basi yameisha. Baba watoto hajanitamkia neno baya ila na hapana hajasema. Hela ya mnada wa kwanza wa korosho kaiweka pembeni anasema tusubiri hicho kipimo.

Kinachoniuma zaidi ni mtoto. Kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu, sinia haruhusiwi kula na binamu zake, ananiuliza mama kwani nimefanya nini. Likizo ya mwezi wa 12 walikuwa waingie jandoni yeye na binamu zake watatu, bibi yake kasema huyu asiingie atawaua wenzie.

Naomba unijibu, hicho kipimo kweli kitasema nani kaleta? Mtoto aliipataje wakati kadi yake ina chanjo zote tatu? Na huyu wa tumboni naye ndo hivyo tena?

Mama wa Wawili, Tandahimba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na swali lako la mwisho kwasababu hilo ndo linakimbizana na muda, hayo mengine hata yakisubiri mwezi mzima hayaharibiki. Huyo wa tumboni anaweza kuzaliwa salama na akabaki salama, hilo liweke moyoni kabisa, ila inategemea mtakachofanya wiki hizi na siku ya kujifungua.

Iko hivi. Mama mwenye homa ya ini B akimuambukiza mtoto mara nyingi inatokea wakati wa kuzaliwa, pale damu na majimaji ya mama yanapokutana na kichanga, na kinachoamua ni wingi wa virusi kwenye damu yako wewe. Kuna kipimo kinaitwa HBeAg, watu wa maabara wanasema antijeni e. Ukiwa nayo maana yake virusi ni vingi, na kama hakuna kinga yoyote iliyofanyika basi watoto 70 mpaka 90 kati ya 100 wanaambukizwa. Ukiwa huna hiyo e inashuka, inakuwa kama 10 mpaka 40. Na kichanga akishaambukizwa, karibu 90 kati ya 100 wanabaki nayo maisha yao, wakati mtu mzima mwenye afya akiipata hawafiki 5 kati ya 100 wanaobaki nayo, waliobaki wote mwili unaisafisha wenyewe na wengi hata hawajui kama walishawahi kuugua. Hiyo namba ya watu wazima ishike, tutaihitaji kwa baba watoto.

Kwahiyo wiki hii hii, sio wiki ijayo, nenda kliniki mwambie daktari una HBsAg, ndo ile alama ya homa ya ini B kwenye damu, na una mimba ya miezi sita, omba upimwe hiyo e au wingi wa virusi, na kama hapo havipatikani omba rufaa kwenda Hospitali ya Ligula mjini Mtwara au ile Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Virusi vikiwa vingi kuna dawa inaitwa tenofovir, wajawazito wanaitumia na inavishusha, Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema ianze wiki ya 28 ya mimba, na mwongozo wao wa 2024 unasema sehemu ambayo hivyo vipimo viwili havipo mjamzito mwenye HBsAg anaweza kufikiriwa kupewa bila kuvisubiri. We wiki ya 28 iko mlangoni. Ila nakuomba sana usiazime vidonge kwa mtu anayetumia dawa za VVU, najua tenofovir ni hiyo hiyo iliyomo kwenye dawa zao lakini wao wamechanganyiwa na dawa nyingine, na ukianza ovyo ukaacha ovyo ini linaweza kulipuka. Upewe na daktari, uache daktari akikwambia.

Halafu ujifungulie hospitali, na mtoto achomwe chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kwanza, mapema ndo vizuri zaidi. Hii sio penta, ile chanjo ya pamoja ya watoto inayoanza wiki ya 6, ni chanjo ya homa ya ini B peke yake. Nenda kaulizie sasa hivi hospitali utakayojifungulia kama wanayo na kama hawana inapatikana wapi, usisubiri mpaka uchungu uanze ndo watu waanze kukimbizana. Ipo pia sindano ya kingamwili iliyo tayari inaitwa HBIG, ni ghali na kuipata shughuli, ikipatikana mshukuru Mungu, isipopatikana chanjo ya saa 24 na dawa yako vinafanya kazi kubwa sana. Baada ya hapo penta zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote, usikose hata moja. Kujifungua kwa upasuaji kwa ajili ya hii homa tu hakuhitajiki, na kunyonyesha nyonyesha mwanangu, mtu asikutishe. Akifikisha miezi 9 na kuendelea ndo apimwe, sio kabla, na apimwe vyote viwili, kirusi na kingamwili.

Hapo ndo pana jibu la kwanini kaka mtu ana ugonjwa na kadi yake imejaa. Chanjo haikuwa feki. Penta ya kwanza inaanza wiki ya 6, sasa kama mdudu aliingia siku ya kuzaliwa, chanjo imekuja imemkuta ameshakaa. Huyu mdogo yeye huenda hakuambukizwa wakati wa kuzaliwa na penta ikamlinda baadae, ila naye apimwe kingamwili ili muwe na uhakika, hazipo anaongezewa chanjo.

Sasa hiyo jinotaipu. Shemeji yako hajadanganya, kipimo kipo. Kirusi cha homa ya ini B kina kama herufi 3,200 za vinasaba, na vikitofautiana zaidi ya asilimia 8 wataalamu wanavihesabu kuwa jinotaipu tofauti, wakazipa majina A mpaka H, halafu baadae zikaongezwa I na J. Na zimegawana dunia. B na C ziko zaidi Asia kule China na jirani zake, E ni ya Afrika Magharibi, D utaikuta Afrika ya kaskazini, Mashariki ya Kati na nchi za Mediterania, F na H ni za Amerika ya Kusini na ya Kati. Huku kwetu Afrika Mashariki inayotawala ni A, na ndani ya A ile inayoitwa A1.

Unaona sasa tatizo liko wapi. Mkipimwa wewe, mtoto, na huyo kijana wa watu, kama wote mnayo basi kuna uwezekano mkubwa sana wote mtatoka A1, na hata mkimchukua dereva wa bodaboda msiyemjua kabisa pale stendi, kama anao na yeye atatoka A1. Ni sawa na kumkuta mtu wa Tandahimba ana korosho mfukoni halafu useme kaziokota shambani kwangu. Kufanana kwa jinotaipu hakumtii mtu hatiani. Na ya kwako na ya mtoto zikifanana itakuwa imesema kitu ambacho hakuna anayebisha, kwamba mtoto yawezekana sana alipata kwako wakati anazaliwa. We ulipata kwa nani, hiyo herufi A haisemi.

Na kwa matibabu ya mtoto haibadilishi kitu kikubwa pia. Chanjo inakinga jinotaipu zote, tenofovir inafanya kazi kwa zote. Kinachofaa kujulikana kuhusu A1 ni kwamba kusini mwa Afrika wenye hiyo aina walionekana kupata saratani ya ini wakiwa na umri mdogo kuliko wenye aina nyingine, na hiyo ni sababu ya kutoruka kliniki, hata bila kulipia kipimo ujue tu kwamba huku kwetu ndo hiyo.

Nakuja kwa yule anayesema umeitoa nje. Ni kweli homa ya ini B inaambukizwa kwa ngono, hilo sitaficha. Lakini Afrika yetu hii watu wengi wanaoishi nayo waliipata wakiwa watoto wadogo, wengi hata miaka 5 hawajafika. Wataalamu wanaeleza hivi, jinotaipu C ya kule Asia ile antijeni e inachelewa kuisha, kwahiyo mwanamke anafika umri wa kuzaa bado virusi ni vingi na anampa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hii A1 yetu e huwa inaisha mapema, ndo maana huku kwa miaka mingi maambukizi mengi yamekuwa ya watoto kwa watoto, majumbani na michezoni. Vidonda vya miguu visivyofunikwa, kung'atana, mswaki mmoja ndugu wote, wembe mmoja wa kunyolea watoto wa nyumba nzima, kutogwa masikio, chale za dawa zinazochanjwa kwa wembe uleule kuanzia bibi mpaka mjukuu, sindano zilizorudiwa. Kirusi hiki nje ya mwili kinakaa hai siku 7 au zaidi, kwenye damu iliyokauka ambayo hata huioni. Sasa we umeolewa na miaka 20 na mtoto ana 8, maana yake ulizaliwa miaka ya tisini au kabla, na chanjo ya homa ya ini B Tanzania imeanza kutolewa kwa watoto mwaka 2002. Hukuwahi kuchanjwa. Kuna uwezekano mkubwa ulikuwa nayo kabla hujavaa hata sare ya shule, kabla hujamjua huyo mume wala huyo wa kangomba hajafika Tandahimba.

Na mume kutokuwa nayo hakuonyeshi kwamba we umeipata juzi. Kumbuka ile namba. Mtu mzima akikutana nayo, zaidi ya 95 kati ya 100 mwili unaifukuza, kwahiyo kuna wanaume wengi wameishi na wake wenye homa hii miaka na miaka, waliipata, wakapona, na HBsAg yao inasoma hana. Kuna kipimo kingine kinaitwa anti-HBc, hicho kinaonyesha kama mtu aliwahi kukutana nayo hata kama imeshaondoka. Baba watoto akapime hicho. Kikisoma ndio, basi naye alishakuwa nayo, na hapo hakuna binadamu wala mashine itakayosema nani alianza. Kikisoma hapana na kingamwili hana, achanjwe haraka, sindano tatu, ya leo, ya baada ya mwezi, na ya miezi 6 tangu ile ya kwanza, na kwa kipindi hicho mtumie kondomu.

Kuhusu ule uzi mwekundu naomba ukatwe leo. Nasema leo. Homa ya ini B haiambukizwi kwa sinia moja, kikombe, kijiko, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja wala kukohoa. Mtoto wa miaka 8 anayekula peke yake hali akisikia binamu zake wanacheka pembeni anaumia mahali ambapo hakuna kipimo cha kuonyesha. Akikuuliza amefanya nini mwambie hajafanya chochote, kuna mdudu kwenye damu alikuja akiwa mdogo sana, na mama anaye pia, na tutakuwa tunaenda wote kwa daktari. Cha kutenganisha ni mswaki, wembe, kikatakucha, na hereni kwa wenye kuvaa. Akijikata kidonda kifunikwe, damu ikidondoka sakafuni ifutwe kwa maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki na tisa za maji, anayefuta avae glovu au hata mfuko wa plastiki mkononi.

Kwenye jando bibi yake kagusa kitu cha kweli ingawa kakigusa vibaya. Kisu kimoja cha ngariba kikipita kwa watoto wanne mfululizo kinaweza kupitisha homa ya ini B, na VVU, kutoka kwa yeyote kwenda kwa yeyote, na mwanao ndo anajulikana tu, hao wengine nani kawapima? Kwahiyo suala sio kumtoa yeye. Watoto wote wanne wakatahiriwe hospitali, kila mmoja na vifaa vyake vilivyochemshwa na kuuliwa vijidudu, kisha waingie kumbini wakafundwe kama kawaida, kuna familia nyingi huku kusini zinafanya hivyo na mila haijapungua kitu. Wembe wa kunyolea jandoni kila mtoto awe na wake, wembe hauuzwi bei ya kumshinda mtu. Na hao binamu wakaangaliwe kadi zao, mwenye penta tatu kinga anayo kwa kiasi kikubwa, asiye nazo apimwe achanjwe. Na ile operesheni ya ngiri bado inawezekana, daktari ajue tu hali yake.

Mwanao mwenyewe sasa hivi huenda asipewe dawa yoyote na msishtuke wala msidhani ametupwa. Watoto wa umri wake mara nyingi virusi vinakuwa vingi ila ini limetulia, kinga ya mwili bado haijaanza kupambana, hapo daktari anafuatilia tu kwa vipimo vya ini na HBeAg na ultrasaundi, kila miezi 6 mpaka 12 kadri atakavyopanga. Asiache hata akiwa mzima wa afya, kwasababu walioambukizwa utotoni wakaachwa bila kufuatiliwa karibu mmoja kati ya wanne anakuja kufa kwa ini kusinyaa au saratani ya ini, na vyote viwili vinakuja kimyakimya mtu akiwa na familia yake. Wewe pia ufuatiliwe hivyo hivyo.

Na chakula nitalisema kwa ukali kidogo. Karanga na mahindi yenye ukungu msimpe na msile. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, ikikutana na homa ya ini B hatari ya saratani ya ini inaongezeka mara nyingi sana, na sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, chungu mdomoni, tupa, usisage ukaweka kwenye mboga. Mizizi ya kusafisha ini wanayouza mnadani usimpe kabisa, kuna miti inaunguza ini zima sembuse lenye mdudu. Na akikua awe mbali na uraka na nipa, hizo pombe za mabibo, msimu wa mabibo najua vijana wanaanza mapema huko.

Ile hela ya mnada wa kwanza mwambie baba watoto kazi yake ninayo. Nauli ya Mtwara, vipimo vyenu wote, chanjo yake yeye na chanjo ya kichanga ya saa 24. Hivyo vina faida ya kuonekana, jinotaipu ya kumsaka mtu haina. Mama mkwe usibishane naye wewe, we mkamwana ukibisha inakuwa utovu wa adabu, mwachie mumewe au mwanae aongee. Mwende kliniki wote wawili ili baba watoto ayasikie haya kwa mdomo wa daktari, akitoka hapo yeye ndo aende akakae na mama yake. Na yule kijana wa kangomba jina lake lisitajwe tena hapo uani, ni mtoto wa watu naye ana kwao.

Beba kadi ya kliniki, kadi za watoto wote wawili na yale majibu ya kwanza. Omba ukasomewe majibu ndani ya chumba, mlango umefungwa, hiyo ni haki yako na ya mtoto. Ukishajua e inasoma nini niandikie tena, ya kwako nitaitanguliza kuijibu.